Tranka langu lilirudi Babati bila mimi

Mwaka wa Elnino ndo mwaka nilioanza form one. Kwa nyie mliokuwa hamjazaliwa, hiyo ni ile mvua iliyoanza mwishoni mwa 1997 ikaingia nayo 1998, mvua isiyo na adabu kabisa, inanyesha asubuhi inapumzika kidogo watu wakaanika nguo afu inarudi. Kwetu ni Babati, enzi hizo bado tuko mkoa wa Arusha maana Manyara ilikuja kuwa mkoa 2002, na mi nimechaguliwa shule ya bweni ya wavulana huko Dodoma. Ukiangalia kwenye ramani unasema aah si hapo tu, unashuka kusini moja kwa moja. Na barabara yenyewe ina ukoo mkubwa bana, ni kipande cha ile njia ambayo Waingereza waliota itoke Cape Town ifike mpaka Cairo. Sasa kipande chetu sisi, Babati Kondoa Dodoma, kiangazi kilikuwa vumbi na masika kilikuwa uji.

Baba akaninunulia tranka la bati sokoni, la bluu, maana fundi alikuwa na rangi mbili tu, bluu na ile kijani ya jeshi. Akanunua na kufuli dogo la kichina, yale yanayokuja na funguo mbili kwenye kawaya. Jina alitaka aliandike kwa rangi nyeupe, rangi hatuna, akachukua chaki akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani, akasema ukifika mwambie fundi wa shule akupigie rangi. Ndani mama kapanga mashati meupe mawili, kaptula mbili za kaki, madaftari, sabuni ya mche, sukari, na kopo la Blue Band limejaa karanga za kusaga. Hizo karanga ndo zilikuwa roho yangu, nilizipakia mwenyewe katikati ya nguo ili zisiibiwe.

Basi linatoka Arusha, likafika Babati mchana limejaa, tranka likapandishwa kwenye keria na godoro langu likafungwa juu yake. Mvua imetukuta kabla hata hatujaimaliza Bonga. Kupanda kule kwenda Bereko basi linalia kama ng'ombe anayechinjwa, tingo anakimbia pembeni na gogo mkononi, tukisimama analisukuma nyuma ya tairi tusirudi bondeni. Kila baada ya muda konda anapiga kelele wanaume shukeni! Mi sijui kama nahesabika kwenye wanaume, nina miaka 14 na kilo sijui 35, ila nikawa nashuka tu.

Siti ya pembeni nilikaa na mzee mmoja wa Kirangi anarudi kwake Kondoa, nimemwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, basi kuanzia hapo akawa mwenyeji wangu, kila kijiji ananiambia hapa panaitwaje na hapa kuna nini. Tulipofika Kolo akanionyesha milimani akasema kule juu kwenye mawe kuna michoro ya watu wa kale, na kuna pango watu wanakwenda kufanya tambiko mpaka leo. Mi nikadhani ni stori za wazee. Kumbe ndo hiyo michoro Unesco waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, na watu wanapanda ndege kuja kuiangalia, mi nimepita nayo chini nawaza karanga. Kilichonishangaza mimi ni ardhi. Udongo mwekundu umechanwachanwa makorongo marefu, mengine unaweza kuficha nyumba ndani. Mzee akasema hapa zamani ng'ombe na mbuzi walikula kila kitu mpaka nchi ikabaki mifupa, Serikali ikaleta mradi wa Hado wa kuhifadhi ardhi, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke, yote, hata mbuzi mmoja wa maziwa hubaki naye. Alivyosema wa maziwa akanyamaza kidogo, nikajua huyo mbuzi alikuwa wake.

Kondoa tukafika usiku, tukalala humohumo ndani ya basi stendi. Mzee akashuka akaniachia muwa.

Kesho yake sasa. Tumeipita Chemba, wakati huo ni kijiji tu cha barabarani hata hakina habari za kuwa wilaya, tunaitafuta Haneti, mara basi likasimama na safari hii konda hakusema wanaume shukeni, alisema shukeni wote. Mbele kuna korongo. Kiangazi nadhani unavuka hapo bila hata kubadili gia, ni mchanga tu, ila siku hiyo maji yanashuka rangi ya chai ya maziwa na magogo yanapita, na ng'ambo ya pili, nakumbuka kama jana, kuna basi lingine limesimama limetuangalia, limetoka Dodoma linaenda Arusha, na abiria wao wamesimama ukingoni wamejifunika kanga na mifuko ya rambo wanatuangalia na sisi.

Tumekaa masaa kama sita. Watu wakachuma mahindi mabichi kwa mwenye shamba wakachoma, mwingine anasali, madereva wanapigiana kelele kuvuka maji kama wanagombana kumbe wanapanga. Alasiri maji yakapungua yakawa ya kiunoni na ndo uamuzi ukatoka. Mabasi hayavuki, tunabadilishana abiria. Wa kwetu tuvuke tukapande lile la Dodoma ligeuze, na wao wavuke wapande la kwetu lirudi Arusha. Kwa barabara zetu za kipindi kile hiyo ilikuwa kawaida kabisa, tiketi zilezile, konda kwa konda wanamalizana wenyewe.

Vijana wa kijijini walishajipanga zamani, hiyo ndo ilikuwa sikukuu yao. Mtu kumvusha mgongoni 200, mzigo 200, mama mwenye mtoto wanapatana. Mi nina mia tano. Nikampa kijana mmoja 400 yote kabisa, mia mbili anibebe mimi na mia mbili tranka, godoro nitalishika mwenyewe kichwani. Sasa fikiria, nimepanda mgongo wa mtu, nimeshika godoro kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, yeye anapapasa kwa miguu chini ya maji, na katikati pale mkondo ukamsukuma akayumba, godoro likaenda mbele likamfunika uso haoni kitu. Akaniambia kwa upole kabisa, dogo ukiliachia nakuachia. Sikuelewa anataka nilishike au nilitupe. Nikalishika.

Tumetoka ng'ambo, naangalia pale kwenye rundo la mizigo, tranka la bluu lile pale. Limefika kabla yangu! Kijana akaniuliza lako si lile, nikasema ndo lenyewe, ananitazama anacheka, nikamshukuru mpaka mwisho. Chaki haipo lakini mvua ilishaifuta tangu Bereko. Likapandishwa keria, tukaondoka, Haneti, Mayamaya, Makutupora, Dodoma saa nne ya usiku.

Leo ukipita hapo hushtuki. Mwaka jana nimepita na gari, nikawa najitahidi kulitafuta lile korongo na nimeshindwa, kuna vidaraja kibao na vyote vimefanana, lami imenyooka, kilomita 251 Dodoma mpaka Babati, aliifungua Magufuli Aprili 2018 baada ya sisi kuisubiri umri wote. Watoto wangu walilala usingizi tangu Kondoa.

Turudi bwenini. Kesho yake asubuhi kiranja anasema kila mgeni afungue tranka akaguliwe, tumepangwa mstari, ufunguo wangu ukaingia kwenye kufuli ukazunguka vizuri kabisa kufuli likafunguka. Nafunua. Juu kabisa kuna sketi ya marinda. Chini ya sketi sketi nyingine. Chini yake mambo mengine ambayo sitayataja hapa, na mfuko mkubwa wa ubuyu, na fomu ya kujiunga na shule moja ya wasichana huko Arusha.

Bweni zima lilikufa kwa kicheko. Kiranja mwenyewe alikaa chini.

Ndo nikaielewa ile biashara ya korongoni. Tranka langu halikuvuka maji kabisa, lilibaki upande wa Chemba, na la yule binti lilibaki upande wa Haneti, kila mmoja wetu amevuka akakuta bluu akasema langu. Matranka yote mawili hayajagusa hata tone la lile korongo na yule kijana alichukua mia mbili yangu ya mzigo, na nina uhakika na mwenzake alichukua ya yule binti. Na zile kufuli, jamani, nadhani Wachina walitengeneza ufunguo mmoja tu.

Simu za mkononi hakuna. Mwalimu wa zamu akaandika barua kwenda kwenye ile shule, barua kwa posta na barabara zimekatika, we piga hesabu. Wiki tisa. Wiki tisa nimevaa kaptula ya kuazima na mashati yake meupe, maana shati si shati tu, isipokuwa la kike vifungo viko upande wa pili, na watu wakishajua hawaachi, naitwa Marinda mpaka nimemaliza form four, kuna jamaa mpaka leo wamenisevu hivyo kwenye simu. Ubuyu sikuwa na nia nao. Wiki ya kwanza nilikula punje moja kuonja. Ya tatu tukawa tunakula bweni zima.

Barua ilipojibiwa tukatuma la kwake kwanza kwa basi, mashati nimeyafua nikayapiga pasi ya mkaa, ule mfuko wa ubuyu nikaukunja nikaubana chini ya sketi nikijua kabisa ni ujinga. La kwangu likaja baada ya siku kama kumi, nikalifuata stendi. Kila kitu kipo, kaptula, sukari imepungua kidogo, daftari hata moja halijaandikwa. Kopo la Blue Band lipo palepale katikati ya nguo nilipoliweka, jepesi. Nafungua, limeoshwa linang'aa, ndani kuna kikaratasi kimekunjwa mara nne.

Kimeandikwa, karanga zilikuwa na chumvi nyingi.

Na kweli mama alizidisha. Hata mimi nilionja nyumbani siku ya kuondoka nikanyamaza.