Mjengo wa Lanet, wiki ya tatu: ukuta wenye hewa

Nyumba niliyonunua Lanet, hapa Nakuru, ili niikarabati niiuze, kwa sasa haina mlango wa jikoni wala dari sebuleni. Daftari la bajeti nalo limejaa mikwaruzo.

Makisio ya kwanza yalikuwa 620,000. Niliyapiga kwa macho tu, nikizunguka vyumbani na simu mkononi. Rangi imenitia aibu: niliandika ndoo moja ya lita 20 kwa nyumba nzima. Juzi nikachukua futi kamba. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.7, ukitoa mlango na dirisha kinabaki na mita za mraba kama 37. Lita moja hupaka kama mita 10, na lazima upake mara mbili, kwa hiyo ni lita 7 na nusu. Ndoo haimalizi hata vyumba vitatu, na sebule ni kubwa kuliko hivyo. Ndoo mbili zaidi, 16,000.

Kilichoniumiza hasa kilikuwa ndani ya plasta. Jumanne fundi alikuwa akigonga ukuta wa sebuleni kwa mpini wa nyundo, ko, ko, ko, alipofika karibu na dirisha mlio ukawa mzito, bu. "Boss, hii ukuta iko na hewa." Akachomeka patasi, akasukuma kidogo, kipande kikubwa kama meza kikashuka chote. Nyuma yake kulikuwa na nyaya za umeme zilizofukiwa bila paipu, mpira wake ukivunjika kama biskuti.

Plasta yenyewe si pesa nyingi: mita 28, mifuko minne ya simiti, mchanga, na fundi 200 kwa mita. Kama 12,000 hivi. Nyaya ndizo zimekula 54,000, maana siwezi kubadilisha za sebuleni nikamwachia mnunuzi hizo za vyumba vya kulala.

Sasa nasoma 702,000, na nimetenga 70,000 pembeni. Risiti zote naziweka kwenye bahasha, hata za misumari: kodi ya faida ya mtaji, ile unayolipa kwa faida ukiuza nyumba, ni 15% tangu Januari 2023, na gharama ya kuboresha nyumba haipunguzwi kwenye faida hiyo kwa maneno ya mdomo.

Leo jioni nimezunguka mwenyewe na mpini na chaki. Chumba cha nyuma kimepata maduara matatu. Bafu sijaligonga bado.