Moyo Ulipotulia, Nikadhani Nimepona

Nina ugonjwa wa mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo (kwa Kiingereza, atrial fibrillation). Kwa muda mrefu niliamini kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa ule mshtuko wa kifuani: moyo kwenda mbio ghafla, kuruka pigo moja, kisha kupiga mawili kwa pupa. Kwa hiyo dawa ya kupunguza kasi ilipoutuliza, nilianza kujiuliza kwa nini niendelee kumeza ile nyingine, ya kuzuia damu kuganda, ambayo sikuona inanisaidia nini.

Daktari alinifafanulia kwa subira. Moyo wenye afya huongozwa na umeme unaoanzia sehemu moja ya chumba cha juu cha kulia, na mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Katika hali yangu umeme huo huvurugika, vyumba vya juu vikatetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika bila kukaza na kusukuma ipasavyo. Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na ikituama huweza kuganda; bonge likichomoka hubebwa hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Lililonitisha zaidi ni kwamba vurugu hizo huweza kutokea bila mwenyewe kuhisi chochote. Utulivu wa kifua changu, basi, haukuwa ushahidi wa lolote.

Si kila mgonjwa huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, kwani daktari hupima kwanza umri, shinikizo la damu, kisukari, udhaifu wa moyo na historia ya kiharusi. Mimi natumia warfarini, inayodai kupimwa damu mara kwa mara na kula mboga za majani kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Kuziacha kabisa, kama nilivyofanya mwanzoni, si lazima. Pombe niliiacha, ingawa kwa manung'uniko.

Mapigo nayahesabu kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, kwa sababu sekunde 15 zikizidishwa mara nne hupotosha pale mapigo yanapokosa mpangilio.

Hivi karibuni nilihitaji kung'olewa jino, na nusura niache dawa kwa uamuzi wangu. Niliuliza kwanza. Kipimo cha damu kilikuwa sawa, nikaambiwa niendelee kuimeza, na jino likang'olewa. Ilinibidi tu kuuma pamba kwa muda mrefu kuliko kawaida.