Mboga kwenye ndoo, ghorofa ya tatu

Mnanaa umeshinda bwana. Katika vyote nilivyootesha jikoni bila udongo ni huo tu haunisumbui, nilichukua vijiti vya lile fungu la sokoni watu wanalotia kwenye chai, nikavitumbukiza kwenye chupa ya maji, mizizi ikatoka faster, na toka hapo nakata unachipua, nakata unachipua. Saladi ndo ina makuu. Spinachi ipo ipo tu, haijaamua.

Nakaa Sinza, Dar, kibaraza sina, dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo habari ya bustani hapa sahau. Bi mkubwa yupo Lushoto, kalima kabichi na karoti tangu sijazaliwa. Nilivyomwambia nalima mboga kwenye ndoo ya maji akanyamaza kidogo kwenye simu afu akauliza, "Sasa mwanangu, zinakula nini?" Nikamwambia zinakula mbolea mama. Akasema mbolea ni ya kuongezea tu, chakula chenyewe ni udongo.

Hilo swali likaniganda kichwani, nikaanza kusoma soma, kumbe watu wameligombania karne na karne. Kuna mtu wa Brussels anaitwa Jan Baptist van Helmont, majaribio yake yalichapishwa 1648, yeye mwenyewe ameshafariki. Alijaza chungu udongo mkavu wa ratili 200, yaani kama kilo 90, akapanda mti mmoja mdogo wa ratili 5, akawa anamwagilia maji tu miaka 5. Mti ukafika ratili 169 na kitu. Akakausha udongo akaupima tena, umepungua kama gramu 57 tu! Akasema basi, mti wote ule umetokana na maji. Alikosea kwa sababu hakujua kwamba mti unakula hewa pia, kaboni yote ile inatoka hewani, ila kwa bi mkubwa hiyo tayari ni habari mbaya maana udongo wake haujaliwa kabisa, au tuseme umeliwa gramu 57.

Sasa hizo gramu ndo utamu wenyewe. Mwaka 1699 huko Uingereza John Woodward alikuza mnanaa kwenye maji matupu, mwingine maji ya mvua, mwingine ya mto Thames, mwingine maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani, na ule wa maji yenye udongo ukaupita wa maji ya mvua mbali sana. Nikaona isiwe tabu, mnanaa ninao, chupa ninazo, nikarudia. Moja maji ya mvua, moja maji niliyochuja kwenye udongo wa ua la jirani, moja maji yenye mbolea. Wa mvua haukufa, ila ulikuwa unajila wenyewe, majani ya chini yananjano yanadondoka ili ya juu yapate, inasikitisha kuangalia kwa kweli. Wa udongo ukawa afadhali. Wa mbolea hata usiulize.

Kwa hiyo kile mmea unachochukua kwenye udongo ni kidogo mno lakini bila hicho hakuna kitu, naitrojeni, potasiamu, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu, chuma na madini mengine ya kiasi cha punje, jumla kama 14, na Wajerumani Sachs na Knop walishaandika resipe zake miaka ya 1860. Mimi hizo gramu za van Helmont ndo nazinunua duka la pembejeo. Zinakuja mafungu mawili, la kalsiamu naitreti peke yake na la vingine peke yake, na mwenye duka anasisitiza usizichanganye zikiwa kavu wala nzito, maana kalsiamu ikikutana na salfeti inaganda kama jasi chini ya ndoo na mmea haupati kitu. Unayeyusha moja kwenye maji mengi kwanza ndo unaleta nyingine. Jirani alinishauri niweke tu urea, ni rahisi, kila mtu anayo. Urea shambani inafanya kazi kwa sababu bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza mpaka iwe naitreti, ambayo mmea unaila vizuri, kwenye ndoo yangu hao vibarua wachache mno. Hapo nilimkumbuka bi mkubwa, maana udongo hata kama hauliwi, ndo mpishi.

Mtindo ninaotumia ni wa Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, hauna pampu hauna nini. Ndoo yenye mfuniko, toboa tundu, mche unakaa kwenye kikombe chenye usumba wa nazi, maji yanagusa mizizi kidogo. Mmea unavyokunywa maji yanashuka, ile mizizi ya juu inabaki hewani inavuta oksijeni, ya chini inaendelea kunywa. Saladi moja lita 4 hivi zinatosha mpaka kuvuna. Cha ajabu ni kwamba hutakiwi kujaza tena mpaka juu, ile mizizi ya hewa ukiizamisha inakosa pumzi. Na ndoo isipitishe mwanga, la sivyo unafuga mwani.

Shida ni Dar yenyewe. Hao wenzetu wanaofundisha kilimo hiki kwenye video wanaishi kwenye baridi. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu, na Januari hapa ndoo ikikaa tu jikoni ni supu, mizizi inakuwa kahawia na kuteleza, afu saladi yenyewe ikipata joto inakimbilia maua na inakuwa chungu. Kwa hiyo saladi nimeiacha isubiri Juni, Julai. Taa ninayowashia mimea kwa sababu jua haifiki nayo ni wati 20 masaa 14 kwa siku, kama unit 8 na kitu za umeme wa LUKU kwa mwezi, ukipiga hesabu na bei ya mchicha genge la hapo chini utacheka. Mtu asikudanganye kwamba unaokoa hela. Mimi napenda tu kuinua mfuniko asubuhi nione mizizi imefika wapi, mkulima wa kawaida hiyo haoni.

Bi mkubwa juzi katuma mzigo na basi, viazi, mbegu za mnavu, na kifuko cha udongo. Udongo! Kaandika kwenye karatasi kwamba nusu ya mbegu nipande humo ili tushindane vizuri. Nimepanda. Kila akipiga simu anauliza mnavu wa kwenye kopo unaendeleaje, wa kwenye ndoo hajauliza hata siku moja, na kwa sasa, nasema ukweli, wa ndoo unaongoza kwa majani mawili ila sijamwambia.