Lady Gregory na Wazee wa Kilolo

Baridi ya Julai imekaza hapa Iringa, na jana jioni, baada ya mazoezi ya kikundi chetu cha maigizo pale Kihesa, nilirudi nyumbani nikiendelea kumfikiria Lady Augusta Gregory, mwandishi wa tamthilia wa Ayalandi, ambaye habari za maisha yake nimekuwa nikizisoma kwa wiki kadhaa.

Alizaliwa mwaka 1852 katika ukoo wa mabwana ardhi wa Galway, akaolewa mwaka 1880 na Sir William Gregory, aliyemzidi umri kwa miaka 35, na mwaka 1892 akabaki mjane. Husifiwa zaidi kwa ufadhili, kwani nyumba yake ya Coole iliwalea mshairi W. B. Yeats na waandishi wengine. Kinachonigusa mimi, hata hivyo, ni miguu yake. Alijifunza Kiayalandi ukubwani, akawa anaingia katika vijumba vya wakulima, na hata katika nyumba ya mafukara ya Gort, akiketi na wazee na kuyaandika masimulizi yao. Siwezi kusoma habari za ziara zile bila kukumbuka kwamba mwaka 1847, katikati ya njaa kuu ya Ayalandi, mumewe ndiye aliyependekeza bungeni kifungu kilichomnyima msaada kila mwenye zaidi ya robo eka ya shamba.

Jumba la maonyesho la Abbey lilipofunguliwa Dublin tarehe 27 Desemba 1904, leseni ilitolewa kwa jina lake, kwa kuwa Annie Horniman, aliyeligharimia, hakuwa mkazi wa Ayalandi. Usiku huohuo ulichezwa mchezo wake kuhusu mtu anayemkimbilia mwenzake gulioni amrudishie uma wa nyasi aliousahau, na uvumi ukapita kinywa hadi kinywa mpaka watu wote wakaamini kwamba amemuua.

Nilipowasimulia vijana kisa hicho, binti mmoja alisema, “Mwalimu, hapo ni sokoni Ilula kabisa.” Kauli hiyo imeninyima usingizi. Miaka yote hii wazee wa tamthilia zangu wamezungumza Kiswahili cha vitabuni, ilhali bibi yangu kule Kilolo, tangu anapoitikia “Kamwene”, salamu ya Kihehe, mlangoni, ana mapigo ya usemi ambayo sijawahi kuyapandisha jukwaani.

Jumamosi nitakwenda kwake na daftari. Nimempigia simu, naye amenitaka nifike mapema, kabla hajashuka vinyunguni, kwenye bustani zake za bondeni.