Pwani iliyoinuka New Zealand, nilivyoifundisha Moshi kwa mawe ya mfongo

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Moshi, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Tetemeko wanalijua. Wamesikia habari za Kagera Septemba 2016, na wazazi wao wanakumbuka Julai 2007, mitikisiko ya upande wa Ziwa Natron iliposikika mpaka Arusha. Shida huanza tukifika pwani. Ukimwambia mwanafunzi kwamba tetemeko linaweza kuua viumbe wa baharini kwa kuinua mwamba tu, anakutazama kwa heshima, lakini unaona kabisa hajakuamini.

Mfano ninaoutumia ni Kaikōura, New Zealand. Usiku wa manane, tarehe 14 Novemba 2016, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.8. Kama kilomita 110 za pwani ziliinuka, sehemu nyingine kwa mita moja au mbili, na pale palipozidi kwa zaidi ya mita tano. Kulipokucha, miamba iliyokuwa chini ya maji siku zote ilikuwa juani, pamoja na mwani wake na wale konokono wakubwa wa baharini ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, huwaita pāua. Konokono hao ni chakula, ni biashara, ni urithi wa wenyeji. Barabara kuu na reli navyo vikafukiwa na maporomoko. Barabara ilifunguliwa tena Desemba 2017.

Kuwaonyesha jambo hili nilitumia mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, unaopita juu ya shule. Watu wa Kilimanjaro tunaujua: maji huja kwa zamu, na mara nyingine hufungwa ili watu wasafishe. Niliwaomba wanafunzi waokote mawe yenye utando wa kijani na vikonokono vyake. Jiwe moja tuliliweka kwenye karai likafunikwa na maji. La pili tukalipandisha juu ya tofali, nusu ndani, nusu nje. La tatu tukaliacha juani kando ya karai.

Jiwe la juani lilianza kubadilika siku ileile. Utando ulififia, ukakauka, ukawa unabanduka kwa kucha. Vikonokono vilijifungia ndani ya magamba, na msichana mmoja aliyekuwa akivigeuza kwa kijiti akagundua kwamba vilivyokuwa upande wa chini, penye kivuli na unyevu, vilidumu kuliko vya juu. Hapo ndipo darasa lilipoamka. Nikawaeleza kwamba mwani mkubwa wa Kaikōura ulikuwa kivuli na makazi ya viumbe wengine, hivyo ulipokufa hasara haikuwa ya mwani peke yake. Jiwe lilipoanza kunuka nikawaambia wafikirie kilomita kwa kilomita za pwani zenye harufu hiyo. Hakuna aliyeuliza tena kama kweli tetemeko linaua konokono.

Kisha tulisugua jiwe moja mpaka likawa jeupe, tukalirudisha mfongoni. Utando ulitangulia, vikonokono vikafuata baadaye sana. Mpangilio huo nilitaka wauone kwa macho yao, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini kuifufua pwani kunahitaji subira: chakula na makazi vije kwanza, ndipo mlaji aje, na mvuvi awe wa mwisho.

Sehemu ya watu ndiyo naipenda zaidi. Uvuvi wa pāua kwenye eneo hilo ulifungwa, na wananchi hawakuruhusiwa kuvua tena mpaka Desemba 2021, kwa msimu wa miezi mitatu. Nilipouliza darasa nani angekubali kukaa miaka mitano bila kuvuna, kelele zilikuwa nyingi. Kijana mmoja, ambaye kwao ni wakulima wa kahawa, akasimama: "Mwalimu, baba alikata mibuni yote ya zamani ili ichipue upya. Hatukuuza kahawa, tukala ndizi, tukavumilia." Mwenzake akamjibu kwamba shamba ni la baba yake, lakini bahari ni ya nani? Sikuingilia. Swali hilo wavuvi duniani kote wanalipigania, na nilifurahi kulisikia likitoka kwa mtoto wa mlimani.

Niliwapa na mfano wa Japani. Baada ya tsunami ya 11 Machi 2011 kuisomba mitambo yao ya kufugia, wafugaji wa chaza wa mji wa Minamisanriku walikubaliana kurudisha karibu theluthi moja tu ya ile ya zamani, iliyokuwa imesongamana. Chaza waliokuwa wakichukua miaka miwili mitatu kukua wakaanza kufikia kuvunwa kwa mwaka mmoja. Na hapa kwetu, kwenye visiwa vya Songosongo (Kilwa) na Kisiwa Panza (Pemba), wavuvi wamekuwa wakifunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, bila tetemeko lolote kuwalazimisha.

Kaikōura nayo haikuishia kwenye furaha ya kufunguliwa. Msimu ule wa kwanza watu walivua kupita ilivyotarajiwa, na uliofuata ukafupishwa. Kwa hiyo kazi niliyowapa vikundi sasa ni kuandika kanuni za msimu ujao: nani avue, kwa kiasi gani, nani asimamie. Kikundi kimoja kinataka kila kaya iwe na kipimo chake. Kingine kinataka pwani ifunguliwe kipande kwa kipande, kwa zamu, kama maji ya mfongo.