Hadithi Iliyokosa Paukwa

Jioni moja juma lililopita, kwenye kijiwe cha kahawa ninachokizoea hapa Lindi, kijana mmoja alinisogezea simu yake akisema, "Shikamoo mwalimu, hebu tazama hii." Ilikuwa video yenye sauti nzito, iliyodai kwamba Wajerumani wa zama za Hitler waligundua nishati ya siri iitwayo Vril, wakaitumia kurusha vyombo vya angani vyenye umbo la visahani. Nilipomrudishia simu, tayari alikwisha kuongeza la kwake: huenda hata mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini hapa na kusafirishwa Berlin, ilikuwa kisingizio tu cha kuitafuta hiyo Vril.

Neno hilo lilibuniwa na Mwingereza Edward Bulwer-Lytton katika riwaya yake ya 1871, The Coming Race, ambamo Mmarekani mmoja anateremka mgodini na kukuta taifa linaloishi chini ya ardhi, ambalo kwa Vril huponya, huangaza na huteketeza, hata mtoto mwenye fimbo yake anaweza kuufuta mji. Riwaya ilitoka bila jina la mtunzi. Sisi tuliolelewa na bibi tunajua kwamba ngano haianzi mpaka msimulizi aite "Paukwa!" nasi tuitike "Pakawa!"; lakini kitabu hiki kiliwafikia wasomaji bila wito huo, na wapo waliokipokea kama habari.

Helena Blavatsky, aliyeshiriki kuasisi Jumuiya ya Theosofia, chama cha watu wanaotafuta elimu za siri za kiroho, aliitaja Vril katika vitabu vyake vya 1877 na 1888 kama nguvu iliyopo kweli. Wafanyabiashara nao hawakulala: Mskoti John Lawson Johnston, muuzaji wa rojo la nyama, aliunganisha neno la Kilatini la ng'ombe na Vril, akapata jina la bidhaa yake, Bovril. (Yeye angalau alijua kwamba anauza mchuzi.)

Kinachonishangaza zaidi ni makala ya 1947 ya Willy Ley, mtaalamu wa roketi aliyeihama Ujerumani akaenda Marekani. Alieleza kikundi cha Berlin kilichokubali kwamba kitabu ni cha kubuni, lakini kikashikilia kuwa mtunzi alijificha nyuma ya hadithi ili apate kusema kweli. Watu wa chini ya ardhi ni upuuzi, Vril siyo. Siri yake, waliamini, ingefunuka kwa kulitafakari tufaha lililokatwa nusu. Tufaha, wala si kisahani. Mwaka 1960, huko Ufaransa, waandishi Louis Pauwels na Jacques Bergier wakakikuza kikundi hicho kuwa jumuiya ya siri iliyohusiana na Wanazi, na visahani vikaja kupachikwa na wengine baadaye, bila ushahidi wowote wa kihistoria.

Yote haya nilimweleza yule kijana, hatua kwa hatua, mpaka kahawa yangu ikapoa. Alinisikiliza kwa adabu, akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, kama ni hadithi tu, mtunzi jina lake alilificha kwa nini?"