Kijitabu cha Pili

Sapu ya Takwimu, yaani mtihani wa marudio, niliifanya Septemba 2015, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Oktoba matokeo yakabandikwa: 31. Alama ya kupita ilikuwa 40. Kwa kanuni za chuo chetu, anayeanguka sapu anaondoka. Nilikuwa nimedisko.

Aibu ilikuwepo, lakini iliyoninyima usingizi haikuwa aibu. Nilijua nilichoandika. Maswali yalikuwa matano, kila moja alama 20, nami niliyajibu yote. Kijitabu cha kwanza kilijaa nilipomaliza swali la tatu. Nikanyoosha mkono, msimamizi akaniletea kingine, nikajibu la nne na la tano humo, kisha nikavifunga vyote pamoja kwa uzi kama tulivyoelekezwa. Na Takwimu si somo la kubahatisha. Ukishapiga hesabu na kuihakiki, unatoka chumbani ukijua umesimama wapi.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Muheza. Nilipompigia simu nilitarajia lawama. Akaniuliza swali moja tu: "Karatasi yako umeiona, mama?" Nikamwambia chuoni hatuoneshwi karatasi, tunaoneshwa alama. Akakaa kimya kidogo. "Mimi sijawahi kumpa mtoto wa darasa la tatu alama bila kumrudishia daftari lake," akasema. "Sasa mtu mzima anafukuzwaje kwa karatasi asiyoiona?"

Nikakata rufaa ndani ya chuo, kwenye Seneti, kikao cha juu cha mambo ya taaluma. Nilijaza fomu, nikalipia ada, nikaeleza habari ya kijitabu cha pili, tena kwa kirefu. Januari 2016 nikapewa barua yenye sentensi moja: Seneti imepitia rufaa yako na kuthibitisha matokeo. Nani aliipitia, aliangalia nini, kijitabu cha pili kilionekana au hakikuonekana, hapakuwa na neno. Wakati huo mkopo wa Bodi ulikuwa umeshasimama, na chumba cha hosteli nilikuwa nimekabidhi.

Wakili niliyempata alikuwa mama wa makamo mwenye ofisi ndogo katikati ya jiji. Baada ya shikamoo, aliomba barua, na kabla ya kuisoma akatazama tarehe. Kwetu Tanzania, anayetaka Mahakama Kuu ifanye mapitio ya uamuzi wa chombo cha umma lazima kwanza aombe kibali, na kibali hicho kiombwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Aliniambia wanafunzi wengi humfikia muda umekwisha, kwa sababu waliambiwa chuoni warudi wiki ijayo, wakarudi, wakaambiwa tena warudi. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Kijana ana hoja nzuri, ana ushahidi, lakini uungwana wake wa kusubiri ndio unaomfungia mlango.

Kisha akanieleza jambo lililobadilisha namna nilivyoitazama kesi yangu.

"Binti yangu, kama unataka Jaji akupe alama, usiipoteze hela ya mzee wako. Jaji hasahihishi mitihani. Sisi tutamuuliza kitu kimoja: hawa watu walikusikiliza?"

Akafungua Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inayosema kwamba mtu ambaye haki zake zinafanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Nilikuwa nimeisoma Katiba sekondari katika somo la Uraia, nikajibu maswali yake, nikafaulu. Sikuwahi kufikiri kwamba ile "chombo kingine" inaweza kuwa kikao cha maprofesa.

Baba aliuza machungwa yangali mtini, kwa bei ya walanguzi, na kiasi kilichobaki akakopa kwenye SACCOS ya walimu.

Maombi tuliyafungua Masjala Kuu ya Mahakama Kuu, Dar es Salaam, pale Kivukoni. Chuo kikaja na pingamizi la awali: mambo ya taaluma si ya mahakama. Wakili wao alitegemea kesi ya Uingereza ya mwaka 2000, Clark dhidi ya Chuo Kikuu cha Lincolnshire na Humberside, ambako Mahakama ya Rufaa ilisema masuala ya hukumu ya kitaaluma hayafai kuamuliwa na majaji. Wakili wangu hakubishana na hilo. Alimwonesha Jaji kwamba kesi ileile haikumfungia mwanafunzi mlango, maana chuo kinachodaiwa kuvunja kanuni zake chenyewe kinaweza kuitwa mahakamani kujibu. Akaongeza uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India wa mwaka 2011, uliotambua haki ya mtahiniwa kuiona karatasi yake iliyosahihishwa. Alikiri wazi kwamba kesi za nje hazimfungi Jaji wetu. Pingamizi likatupwa, kibali kikatolewa.

Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Katika kiapo kinzani, yaani majibu yake ya maandishi chini ya kiapo, chuo kilitaka kuthibitisha kwamba mtihani uliendeshwa kwa utaratibu, kikaambatisha fomu ya mahudhurio ya siku ile pamoja na karatasi ya alama za msahihishaji. Wakili aliniita ofisini, akazilaza nyaraka mbili mezani bila kusema kitu. Kwenye fomu, mbele ya namba yangu ya mtihani, msimamizi alikuwa ameandika vijitabu: 2. Kwenye karatasi ya alama, swali la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa na alama, jumla 31. Swali la nne na la tano: mstari. Hata sifuri haikuwekwa. Nililia pale ofisini, kwa kuwa kwa miezi mingi nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli niliyaandika yale majibu au niliota.

Siku ya kusikilizwa Baba alikuja kutoka Muheza na basi la usiku, akakaa benchi la nyuma amevaa koti lake la mahafali. Shauri lilikwenda kwa Kiingereza karibu lote. Aliufuatilia uso wa Jaji tu, mwalimu yule, ilhali aliyekuwa akizungumziwa ni mwanawe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, nami nilifurahi sana kwa ajili ya wazazi wengine watakaokaa benchi lile.

Uamuzi ulitoka mwaka 2017. Jaji alisema mahakama haiingii katika chumba cha msahihishaji na haitasema nilistahili alama ngapi. Lakini chombo kinachomwondoa mwanafunzi masomoni lazima kimsikilize na kimpe sababu, hasa pale nyaraka zake chenyewe zinapopingana. Akautengua uamuzi wa Seneti, akaamuru rufaa yangu isikilizwe upya. Gharama, kila upande ubebe zake. Ya kwetu ilikuwa machungwa ya Baba.

Safari hii Seneti iliniita. Nilieleza. Msahihishaji alisema alisahihisha alichokabidhiwa, nami nilimwamini. Ofisi ya mitihani ilitafuta kijitabu cha pili, hakikuonekana. Wakaifuta ile 31 na kuniruhusu kufanya mtihani upya. Niliufanya mwanzoni mwa 2018, nikapita vizuri, nikaendelea na masomo pamoja na vijana walioingia chuoni nyuma yangu. Wenzangu wa awali walikuwa wameshahitimu.

Hakuna aliyeniomba radhi, na aliyekipoteza kijitabu hakujulikana. Lakini mwaka uliofuata chuo kilibadili fomu ya mahudhurio: mwanafunzi na msimamizi wanasaini wote wawili, palepale, idadi ya vijitabu vilivyokabidhiwa. Haki ya mwanafunzi kuiona karatasi yake bado haijaandikwa katika kanuni zile. Mimi na wenzangu wachache tuliohitimu pale tumeshaandikia Seneti kuhusu hilo, na tutaandika tena.